Mlipuko Ukitokea, Tumsikilize Nani? Ulinganisho wa Taasisi za Afya za Kimataifa kwa Watu wa Arusha na Moshi

Habari ya mlipuko wa ugonjwa inapotoka, mtu wa Arusha au Moshi huisikia kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, hutoa taarifa yake kutoka Geneva. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, kinachofahamika kama Africa CDC, huzungumza na waandishi wa habari kutoka Addis Ababa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo hutoa tamko kutoka makao makuu yake yaliyopo hapa hapa Arusha, na muda si mrefu serikali za nchi wanakotoka wageni wetu huwa zimekwisha kubadilisha ushauri wao wa safari. Wakati huohuo mwenye kampuni ya utalii anapigiwa simu na wakala wa Ujerumani anayetaka kujua kama kundi lake lije au lisije, kiongozi wa wapagazi anaulizwa na wenzake kama mwezi ujao kazi ya mlimani itakuwapo, na mwalimu mkuu wa shule yenye watoto wa mataifa mbalimbali anasubiriwa na wazazi awape jibu.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao. Taasisi ninazozizungumzia hazifanyi kazi moja, wala mamlaka yao hayalingani, na mkanganyiko mwingi tunaouona kila mara unatokana na watu kuipelekea taasisi moja swali ambalo jibu lake liko kwa nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kila mtu aanze na swali alilonalo, kisha amtafute mwenye uwezo wa kulijibu. Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo: kwa mkazi wa kawaida mwenye homa ndani ya nyumba, hakuna taasisi ya kimataifa inayochukua nafasi ya Wizara ya Afya, ofisi ya mganga mkuu wa mkoa au wilaya, na namba 199 ambayo hupigwa bila malipo. Mashirika ya nje huingia nchini kwa kupitia Serikali, na mwenye mamlaka ya kutangaza mlipuko ndani ya Tanzania ni Serikali yenyewe.

WHO na Africa CDC

Nguvu ya WHO wakati wa mlipuko inatokana na mkataba unaoitwa Kanuni za Afya za Kimataifa, uliopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Juni 2007. Chini ya kanuni hizo, nchi ikishatathmini tukio na kuona kwamba linaweza kuwa tishio kwa mataifa mengine, inatakiwa kuitaarifu WHO ndani ya saa 24. Kanuni hizo pia zinairuhusu WHO kupokea taarifa kutoka vyanzo vingine na kuiomba nchi husika ithibitishe. Kipengele hicho cha pili kina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na sisi Watanzania tulikiona kikifanya kazi Januari 2025. Tarehe 10 ya mwezi huo WHO ilipokea taarifa kutoka ndani ya nchi kuhusu wagonjwa waliohisiwa kuwa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, mkoani Kagera, na tarehe 14 ikazitoa hadharani. Wizara ya Afya ilieleza baadaye kwamba sampuli zilizokuwa zimepimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Uchunguzi uliendelea, na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba maambukizi yamethibitika wilayani Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, baada ya watu 10 kuhesabiwa kuwa waliugua, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 wakiwa wamefariki dunia.

Ninaueleza mfano huo kwa kirefu kwa sababu unaonyesha namna ya kuisoma taarifa ya WHO ya mlipuko, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hati yenye manufaa kuliko zote kwa mtu anayeishi kwa kutegemea wageni. Taarifa hiyo huwa na mpangilio usiobadilika sana. Mwanzoni yapo maelezo ya wagonjwa, yakiwatenganisha waliothibitishwa na maabara, wanaodhaniwa (ushahidi upo lakini maabara haijathibitisha) na wanaohisiwa tu. Kisha hufuata hatua zilizochukuliwa, halafu tathmini ya hatari, ambayo hutolewa kwa ngazi tatu tofauti, yaani ya kitaifa, ya kikanda na ya kidunia. Karibu na mwisho huwa pana aya fupi kuhusu safari na biashara. Katika mlipuko wa Biharamulo, hatari ilipimwa kuwa kubwa kitaifa na kikanda lakini ndogo kidunia, na aya ya mwisho ikashauri nchi zisiweke vizuizi vyovyote vya safari wala vya biashara dhidi ya Tanzania. Watu wengi husoma kichwa cha habari na idadi ya vifo, wakaishia hapo. Wakala wa Ujerumani aliyepiga simu anahitaji hiyo aya ya mwisho pamoja na jina la wilaya, kwa kuwa Biharamulo iko umbali wa zaidi ya kilometa 500 kutoka Arusha na hakuna ratiba ya kawaida ya kupanda Kilimanjaro inayopita huko.

Africa CDC ni taasisi changa zaidi. Ilizinduliwa Januari 2017 chini ya Umoja wa Afrika, wakati kumbukumbu ya Ebola ya Afrika Magharibi ingali mbichi. Haina mkataba wenye nguvu kama kanuni za WHO, lakini ina jambo ambalo Geneva haina: iko karibu na wakuu wa nchi za Afrika na inazungumza nao kama chombo chao wenyewe. Tarehe 13 Agosti 2024 ilitangaza mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, kuwa dharura ya afya ya umma ya bara zima, tangazo la kwanza la aina hiyo tangu ianzishwe, na siku iliyofuata WHO ikatangaza dharura ya kimataifa kwa ugonjwa huohuo. WHO iliondoa tangazo lake Septemba 2025, ilhali Africa CDC iliendelea kuuhesabu ugonjwa huo kuwa dharura ya bara. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja alikosea. WHO ilikuwa inapima kama dunia nzima inahitaji hatua za pekee, na Africa CDC ilikuwa inaangalia nchi ambazo bado zilikuwa na wagonjwa, chanjo chache na maabara zilizozidiwa.

Msomaji wa takwimu za Africa CDC hana budi kuwa mwangalifu katika jambo moja. Katika taarifa zake za mpox, wagonjwa wanaohisiwa wametajwa pamoja na waliothibitishwa, na kwa nchi zenye upungufu wa vipimo hiyo ndiyo njia ya haki ya kuonyesha ukubwa wa tatizo, lakini mtu akiichukua jumla hiyo na kuilinganisha na takwimu ya waliothibitishwa peke yao, ataona ongezeko ambalo halipo.

Udhaifu wa WHO nao usifichwe. Mwaka 2014 Guinea ilitangaza Ebola mwezi Machi, na mwezi Juni Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lisilo la kiserikali la matibabu, wakasema wazi kwamba mlipuko umeshindikana kudhibitiwa, lakini tangazo la dharura ya kimataifa lilikuja tarehe 8 Agosti. Hadi mlipuko huo ulipokwisha, zaidi ya watu 28,600 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,300 wamekufa. Lawama zilikuwa nyingi, na zilistahili. Baada yake shirika liliunda mfuko wa dharura mwaka 2015 na programu maalumu ya dharura za kiafya mwaka 2016. Mfuko huo ndio uliotumika Kagera mwaka 2025, ambapo WHO ilitoa dola 50,000 za kuanzia, kisha ikaahidi dola milioni 3 nyingine. Hata hivyo fedha za shirika zimepungua. Marekani ilitoa taarifa ya kujiondoa Januari 2025, na bajeti iliyopitishwa kwa miaka ya 2026 na 2027 ilipunguzwa hadi dola bilioni 4.2. Mtu anayetarajia kwamba WHO itafika na hospitali nzima mgongoni ajue kwamba haikuundwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kutuma wataalamu, kuratibu, kuweka viwango na kupaza sauti.

Kwa anayechagua kati ya hizi mbili kama chanzo cha habari, uamuzi wangu ni huu. Kwa swali la ukweli wa mlipuko, mahali ulipo na ukubwa wa hatari, asome WHO. Kwa swali la serikali za Afrika zinakusudia kufanya nini kuhusu mipaka, chanjo na upimaji katika wiki zijazo, afuatilie Africa CDC, kwa sababu mazungumzo hayo hupita kwao mapema.

Ushauri wa safari wa nchi za wageni

Hapa ndipo panapogusa mifuko ya watu wa Arusha na Moshi moja kwa moja, na ndipo panapoeleweka vibaya zaidi.

Marekani ina kituo chake cha kudhibiti magonjwa chenye makao Atlanta, kilichoanzishwa mwaka 1946, na wengi hukichanganya na Africa CDC kwa kuwa majina yanafanana. Kituo hicho hutoa tahadhari za afya kwa wasafiri zenye ngazi nne, ya kwanza ikiwa ni kuchukua hadhari za kawaida na ya nne ikiwa ni kuepuka safari kabisa. Uingereza hutoa ushauri wake kupitia wizara ya mambo ya nje, na nchi nyingine za Ulaya hufanya vivyo hivyo. Serikali hizi hujibu swali moja tu: raia wetu asafiri au asisafiri? Hazina wajibu wa kupima madhara yatakayompata dereva wa Moshono au mpagazi wa Marangu.

Mfano ulio karibu nasi ni Rwanda. Tarehe 27 Septemba 2024 nchi hiyo ilitangaza Marburg, na wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya wa hospitali za Kigali. WHO ilishauri kusiwe na vizuizi vya safari. Mwezi Oktoba Marekani ilipandisha tahadhari yake hadi ngazi ya tatu, inayomtaka msafiri afikirie upya safari isiyo ya lazima, na ikaanza kuwachunguza abiria waliotoka Rwanda. Africa CDC ililalamika hadharani na kuomba hatua hiyo ibadilishwe. Rwanda iliumaliza mlipuko tarehe 20 Desemba ikiwa na wagonjwa 66 na vifo 15, idadi ndogo mno ya vifo kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingine umewahi kuua zaidi ya nusu ya waliougua. Taasisi tatu ziliangalia mlipuko mmoja, na kila moja ikatoa jibu kulingana na swali lake.

Kwa nini basi mwenye kampuni asiseme tu, "WHO imesema hakuna tatizo, njooni"? Sababu kubwa ni bima. Kwa msafiri wa Uingereza, kwenda mahali ambapo wizara yake ya mambo ya nje imeshauri watu wasiende kunaweza kubatilisha bima yake ya safari, na wakala aliyemuuzia safari hatakubali kubeba hatari hiyo. Safari hufutwa hata kama kila mmoja anakubali kwamba ugonjwa uko mbali. Mwaka 2014 na 2015 wageni waliogopa kuja Afrika Mashariki kwa sababu ya Ebola iliyokuwa Liberia, Sierra Leone na Guinea, ingawa Monrovia iko karibu zaidi na Madrid kuliko ilivyo na Arusha. Novemba 2021, Afrika Kusini ilipotoa taarifa ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha corona, ndani ya siku chache nchi nyingi zilizuia ndege kutoka kusini mwa Afrika, ingawa WHO ilishauri vinginevyo. Afrika Kusini ilikuwa imefanya wajibu wake kwa uaminifu, ikaadhibiwa. Jambo hilo linanihuzunisha hadi leo, maana kila nchi iliyotazama ilijifunza kwamba ukweli una gharama.

Kwa hiyo, kama swali ni "je, wageni wangu watafuta safari?", chanzo cha kusoma kwanza ni ushauri wa nchi wanakotoka, na kila soko lisomwe kivyake, kwa kuwa Marekani inaweza kupandisha ngazi wakati Ujerumani haijasema kitu. Kama swali ni "nimjibu nini mgeni anayetaka kujua ukweli?", apewe taarifa ya WHO ikiwa na wilaya, umbali na aya ya safari. Na katika mkataba wa malipo, kifungu cha kuahirisha kitaje kwa jina ushauri wa serikali gani na ngazi gani inayompa mgeni haki ya kusogeza tarehe au kurudishiwa fedha. Mkataba unaosema tu "kukitokea mlipuko" huzaa ugomvi, kwa sababu mlipuko wa Kagera, wa Kigali na wa Kinshasa yote inaweza kuingizwa humo na kila upande ukawa na hoja.

Ipo sehemu moja ambapo kanuni za kimataifa huonekana kwa macho hapa kwetu, nayo ni dawati la afya katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Mgeni anayeingia akitokea nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Uganda, huombwa kijitabu cha njano. Afisa afya hukifungua kwenye ukurasa wa chanjo, akatazama jina, tarehe, sahihi na muhuri wa kituo kilichochanja. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama ndani yake kimeandikwa miaka 10. Kwa miaka mingi homa ya manjano imekuwa ugonjwa pekee uliotajwa kwa jina katika kanuni hizo kama ugonjwa ambao nchi inaweza kumdai msafiri cheti chake cha chanjo. Kampuni inayopokea wageni waliotoka kuwaona sokwe Uganda kabla ya kuja Serengeti ingefanya vyema kulikumbusha jambo hili wakati wa kuthibitisha safari, badala ya kuliacha likamkute mgeni dawatini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki na majirani zake wa Arusha

Wakazi wa Arusha hupita mbele ya makao makuu ya Jumuiya kila siku bila kuyahusisha na magonjwa. Juni 2019 Jumuiya iliendesha zoezi la majaribio katika mpaka wa Namanga, ambapo watumishi wa afya, mifugo, uhamiaji na forodha wa Tanzania na Kenya waliigiza mlipuko wa homa ya bonde la ufa unaovuka mpaka. Mwaka uliofuata ikagawa maabara 9 zinazohamishika kwa nchi wanachama, kwa ufadhili wa Ujerumani, ili sampuli zipimwe mpakani badala ya kusafirishwa hadi mji mkuu.

Kisha likaja jaribio la kweli. Mei 2020 malori yalipanga foleni ndefu Namanga, na Holili nako kukawa vivyo hivyo, madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya corona. Majibu yaliyotolewa upande mmoja hayakukubaliwa upande wa pili, na tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo. Jumuiya ilikuja na mfumo wa kielektroniki wa kubadilishana vyeti vya madereva, ili kipimo cha nchi moja kitambulike katika nchi nyingine. Mfumo ulisaidia, lakini ulikuja baada ya foleni. Uamuzi wa kufunga au kufungua mpaka ulibaki mikononi mwa serikali za nchi, na utaendelea kubaki huko. Mwenye malori au mfanyabiashara wa vitunguu anayevusha mizigo Holili aifuatilie Jumuiya kwa ajili ya masharti ya vyeti na vipimo, lakini habari ya mpaka kufungwa au kufunguliwa aitafute kwa serikali mbili zinazohusika.

Arusha pia ndiyo makao ya Jumuiya ya Afya ya Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kazi yake ni ya kisera na ya mafunzo, na raia wa kawaida hatakuwa na sababu ya kuifuatilia wakati wa mlipuko. Anayesomea afya ya jamii, au anayetafuta kazi katika eneo hili bila kuhama mji, ana sababu nzuri ya kuijua.

Chanjo zinatoka wapi

Mara nyingi watu huuliza kwa nini "WHO haileti chanjo". Chanjo za dharura hupita katika mlolongo wa taasisi kadhaa. Kwa kipindupindu, homa ya manjano, uti wa mgongo na Ebola, kuna akiba ya dunia inayoamuliwa na kundi dogo lililoundwa mwaka 1997, lenye wajumbe kutoka WHO, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka na Shirikisho la Msalaba Mwekundu. Nchi hupeleka maombi, na kundi hulenga kutoa uamuzi ndani ya siku mbili za kazi. Gavi, muungano wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2000, hugharamia akiba hiyo. Ubaya wake ni kwamba kasi ya uamuzi haina maana kama ghala ni tupu: Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo ya kipindupindu, kundi hilo lililazimika kushauri dozi moja itolewe badala ya mbili.

Wakati wa corona mlolongo ulikuwa mwingine. Mpango wa COVAX, wa kugawa chanjo za corona duniani, ulitegemea sana kiwanda kimoja cha India, na nchi hiyo iliposimamisha usafirishaji mwaka 2021, Afrika ikabaki ikisubiri. Umoja wa Afrika ukaamua kununua wenyewe, ukaingia mkataba wa dozi milioni 220 za chanjo ya Johnson & Johnson. Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za kwanza tarehe 24 Julai 2021, zilizotolewa na Marekani kupitia COVAX. Tangu hapo, ninapoulizwa ni taasisi gani ya kuegemea kwa chanjo, jibu langu huelekea upande wa bara kuliko nilivyoelekea awali, kwa sababu akiba ya dunia hufanya kazi vizuri pale ugonjwa unaposhika nchi chache tu. Ukishika dunia yote, kila mwenye kiwanda hujitazama kwanza. Ipo pia habari ya kutia moyo. Uganda ilipotangaza Ebola ya aina ya Sudan tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo kwa watu waliokutana na wagonjwa yalianza siku nne tu baadaye, kwa kuwa dozi na taratibu zilikuwa zimeandaliwa tangu mlipuko wa mwaka 2022.

Madaktari Wasio na Mipaka au Msalaba Mwekundu

Swali la mwisho huletwa na vikundi vya kanisa, misikiti, vyama vya akina mama na kampuni zinazotaka kuchangia: fedha zetu zina faida zaidi kwa nani?

Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza Paris mwaka 1971 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1999, ndio wanaotibu. Mwaka 2014 kituo chao cha ELWA 3 mjini Monrovia kilifikia vitanda 250, na bado hakikutosha. Lilifika kipindi ambacho lango lilifunguliwa kwa nusu saa tu kila asubuhi, ili kuingiza wagonjwa wachache wa kujaza vitanda vya waliokufa usiku, na wengine wakarudishwa makwao huku ndugu zao wakijua watawauguza kwa mikono mitupu. Watu waliosimama langoni pale, wakiwa wamevaa nguo za kujikinga kwenye joto la Liberia na kulazimika kuchagua nani aingie, walikuwa wanafanya kazi ambayo serikali za dunia zilikuwa bado hazijaamua kuifanya. Sehemu kubwa kabisa ya fedha zao hutoka kwa watu binafsi, na hiyo ndiyo inayowapa uhuru wa kusema mapema bila kuogopa mfadhili. Hapa Tanzania wamekuwa wakiwatibu wakimbizi katika kambi ya Nduta, mkoani Kigoma.

Msalaba Mwekundu hutembea nyumba kwa nyumba. Katika Ebola ya Afrika Magharibi, maambukizi mengi yalitokea misibani, kwa kuwa maiti huoshwa na kuguswa na wapendwa wake. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walibeba jukumu la mazishi salama yenye heshima: walifika msibani, wakazungumza na wazee kwanza, wakaruhusu sala, wakaieleza familia kila hatua, kisha wakaubeba mwili. Mahali pengine nchini Guinea walishambuliwa, na waliendelea. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege, kwa sababu inahitaji mtu anayejua lugha, anayejua nani husikilizwa katika ukoo, na ambaye atakuwapo mtaani hata mlipuko ukishakwisha. Shirikisho lao la kimataifa lina mfuko wa dharura tangu mwaka 1985, unaopeleka fedha kwa chama cha nchi iliyopatwa. Chama chetu cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1962 na kina matawi mikoani.

Kwa anayechangia akiwa mbali na mlipuko, na ambaye anataka fedha zake zigeuke kuwa vitanda, madaktari na dawa mahali popote zinapohitajika zaidi, ningemshauri Madaktari Wasio na Mipaka, na atoe bila kuzifunga kwa nchi moja, ili zitumike kabla kamera hazijafika. Kwa kikundi cha Arusha, Moshi au Hai kinachotaka mchango wake uonekane katika ardhi yake, ningechagua Msalaba Mwekundu, na ningetoa kabla ya mlipuko badala ya wakati wake. Vijana wa Majengo au Unga Limited waliokwisha fundishwa kuitambua homa ya hatari, kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa na kuzungumza na familia iliyofiwa, hawawezi kupatikana kwa wiki moja baada ya tangazo. Kampuni za mlimani zina nafasi nzuri zaidi ya kulianza hili: wapagazi na madereva wao hukutana na watu wa kila taifa, na miezi ya mvua ya Aprili na Mei, kazi inapopungua, ni wakati ambao wanaweza kukaa darasani na tawi la Msalaba Mwekundu la mkoa bila kukosa safari.